Sura ya Sita: Waliokuwa Wasichana Mwaka 1994

Msichana wa Kigali aliyekuwa na miaka kumi na miwili mwezi Aprili 1994, kama alinusurika, leo ni mama wa miaka arobaini na kitu. Huenda ana watoto wakubwa, pengine na mjukuu. Jioni anapanda kilima cha Kimisagara akitoka sokoni na mzigo kichwani, na ukimtazama hutasema ana tatizo lolote la mifupa. Huenda kweli hana. Lakini mwili wake una vipindi viwili ambavyo daktari wa mifupa angependa kuviulizia kabla ya kumpima chochote: miaka aliyokuwa akibalehe na miaka ambayo hedhi yake itakoma. Vipindi hivyo viwili huamua sehemu kubwa ya hali ya mifupa ya mwanamke uzeeni. Kwa wasichana wa rika lake, kile cha kwanza kiliangukia katika mwaka mbaya kuliko yote ambayo Rwanda imewahi kuiona. Cha pili ndicho hiki kinachobisha hodi sasa.

Nimeichagua Rwanda kwa sura hii kwa sababu nyingine pia. Sensa ya mwaka 2002 ilikadiria kwamba mtoto anayezaliwa nchini humo angetarajiwa kuishi miaka 51. Sensa ya mwaka 2022 ikatoa miaka 69.6. Hiyo ni nyongeza ya zaidi ya miaka kumi na minane ndani ya miongo miwili, na nchi zilizopiga hatua kama hiyo kwa muda huo mfupi ni za kuhesabika. Watu ambao zamani wangeondolewa na malaria, uzazi au UKIMWI kabla ya kufika hamsini, sasa wanafika sitini na sabini. Furaha hiyo inakuja na maradhi ambayo babu zetu wengi hawakuishi muda wa kutosha kuyapata, na mojawapo ni kukonda kwa mifupa, ambako madaktari hukuita osteoporosisi.

Tatizo hili halina dalili. Shinikizo la damu huweza kuumiza kichwa na kisukari humfanya mtu akojoe mara kwa mara, lakini mfupa unaokonda hauumi. Mtu hugundua siku unapovunjika.

Watu wengi hufikiri mfupa ni kitu kilichokufa, labda kwa sababu tunauona zaidi ukiwa mweupe na mkavu, sahanini au kaburini. Mfupa ulio ndani ya mtu hai una damu, una neva, na unabomolewa na kujengwa usiku na mchana. Kazi hiyo hufanywa na vikundi vya seli vinavyokwenda pamoja kama mafundi wa barabara: wa mbele wanachimbua lami iliyochakaa, wa nyuma wanajaza mpya. Wachimbaji huitwa osteoklasti. Seli hizi hujibandika juu ya mfupa, hutoa asidi, na huchimba kishimo kidogo sana kwa muda wa wiki mbili au tatu. Wakiondoka wanakuja wajenzi, osteoblasti, ambao hutandaza kwanza nyuzi za protini, kisha huziacha zishike madini ya kalsiamu na fosfeti. Kukijaza kishimo kile kile huchukua miezi mitatu au minne. Kubomoa ni kwa wiki, kujenga ni kwa miezi. Naomba msomaji aikumbuke tofauti hiyo, maana ndiyo inayotuponza uzeeni.

Kwa mtu mzima, takriban asilimia 10 ya mifupa yote hubadilishwa hivi kila mwaka. Kuna kundi la tatu la seli, osteositi, ambazo zimezikwa ndani ya mfupa wenyewe na ndizo nyingi kuliko zote. Hizi huhisi uzito. Ukiruka, ukibeba ndoo, ukipanda ngazi, mfupa hupinda kidogo mno, na osteositi hupeleka habari kwamba mahali fulani panahitaji kuimarishwa. Mjerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga kufuatana na mzigo unaoubeba. Karne iliyofuata wanaanga walilithibitisha hilo kwa njia ya kutisha: huko angani ambako mwili hauna uzito, mtu hupoteza kiasi cha asilimia moja ya mfupa wa nyonga kila mwezi, na wakati mwingine zaidi.

Kuna sababu nyingine inayoufanya mfupa usitulie. Mwili wa mtu mzima una kalsiamu ipatayo kilo moja, na asilimia 99 yake imo katika mifupa na meno. Ile asilimia moja iliyobaki, iliyo kwenye damu na misuli, ndiyo inayoufanya moyo upige na misuli ijikunje. Haitakiwi kupungua hata kidogo. Nyuma ya tezi ya shingo kuna tezi nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele, ambazo kazi yake ni kulinda kiwango hicho. Chakula kisipoleta kalsiamu ya kutosha, tezi hizo huamuru ichukuliwe mfupani. Moyo hupata haki yake leo, na mfupa hudaiwa kesho.

Sasa turudi kwa yule msichana. Mwaka 1991, watafiti wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, walianza kupima mifupa ya watoto wa shule, na wakaendelea kuwapima watoto wale wale mwaka baada ya mwaka hadi wakawa watu wazima. Waligundua kwamba mfupa haujengwi kwa mwendo mmoja tangu utotoni. Una msimu wake. Kwa wasichana wale msimu ulifikia kilele katika umri wa miaka kumi na miwili na nusu hivi, na kwa wavulana miaka kumi na minne. Katika miaka miwili tu ya kilele hicho, mtoto hujiwekea kama robo ya madini yote ya mfupa atakayokuwa nayo utu uzimani. Miaka miwili! Msichana akifika kumi na nane, amekwisha kupata karibu asilimia 90 ya mfupa wake. Baada ya hapo kuna nyongeza ndogo hadi kwenye miaka ya mwisho ya ishirini, kisha mlango unafungwa.

Hapo ndipo mwanamume na mwanamke huanza kuachana. Wavulana hubalehe wakiwa wamechelewa kama miaka miwili, kwa hiyo miguu na mikono yao hupata muda zaidi wa kurefuka. Halafu testosteroni, homoni ya kiume, huongeza mfupa kwa upande wa nje, ukawa mnene. Kwa wasichana, homoni iitwayo estrojeni huufunga urefu mapema na kuongeza mfupa zaidi kwa upande wa ndani. Ukichukua kipande cha mfupa wa kijana wa kiume na cha msichana wa rika lake, ubora wa mfupa wenyewe ni karibu sawa. Kinachotofautiana zaidi ni unene. Na bomba nene, kama fundi yeyote wa ujenzi anavyojua, halipindi kirahisi.

Kiasi cha mfupa ambacho mtu anakuwa nacho anapofika kilele ni jambo kubwa kuliko yote yatakayofuata. Hesabu ya kompyuta iliyochapishwa mwaka 2003 ilionyesha kwamba mwanamke anayefika kilele akiwa na asilimia 10 zaidi ya wenzake huichelewesha osteoporosisi kwa miaka kumi na mitatu. Hakuna dawa ya uzeeni inayotoa faida kama hiyo.

Kwa watoto wa Rwanda, miaka hiyo ilikuwaje? Vita vilianza kaskazini Oktoba 1990. Mwaka 1994, kwa siku mia moja, Watutsi waliuawa kwa mauaji ya kimbari, na watoto walionusurika wengi walijificha kwenye vinamasi vya papyrusi, kwenye dari, kwenye mashimo, wakila mihogo mibichi au wasile kabisa. Mwezi Julai mamia ya maelfu ya watu, wakiwamo watoto wengi, walivuka mpaka kuingia Goma, ambako kipindupindu kiliua maelfu ndani ya wiki chache. Wachumi waliochunguza urefu wa watoto wa Rwanda, akina Richard Akresh na Philip Verwimp, walichapisha mwaka 2011 matokeo yanayoonyesha kwamba watoto waliozaliwa wakati wa vita katika maeneo yaliyopiganiwa walibaki wafupi kuliko inavyotarajiwa, wavulana na wasichana sawasawa. Urefu ni mfupa. Mtoto aliyedumaa amekosa mfupa.

Lakini sitaki kuandika kama hakimu. Mwili wa mtoto una subira ya ajabu. Huko Gambia, katika kijiji cha Keneba, timu ya Ann Prentice wa Uingereza ilifuatilia mifupa ya wanakijiji kwa miongo kadhaa. Kalsiamu waliyokula ilikuwa kiasi cha theluthi ya ile inayopendekezwa, na bado waliona vijana waliochelewa kubalehe wakiendelea kukua hadi kupita miaka ishirini, wakifidia sehemu ya walichokikosa. Mwili ulisubiri hali iwe nzuri. Kwa hiyo huenda wapo wasichana wa 1994 ambao miili yao ilisubiri hadi 1997 au 1998, wakapata walao sehemu ya msimu wao. Wapo pia ambao hali haikuwa nzuri mpaka mlango ukafungwa.

Mwaka huohuo wa 1994, mbali sana na Kigali, kulitokea mambo mawili yaliyobadilisha elimu ya mifupa.

La kwanza lilitokea Ohio, Marekani. Daktari Eric Smith na wenzake waliandika habari za mwanamume wa miaka ishirini na minane aliyekuwa na urefu wa sentimita 204 na bado alikuwa akirefuka. Ncha za mifupa yake, ambazo kwa kijana wa kawaida hufungwa kabla ya miaka ishirini, zilikuwa wazi kama za mvulana wa shule. Testosteroni yake ilikuwa ya kawaida, ndevu anazo, sauti nzito. Pamoja na hayo mifupa yake ilikuwa imekonda kama ya bibi kizee. Walipochunguza jeni zake, wakakuta kasoro iliyozifanya seli zake zisiweze kuisikia estrojeni. Kabla ya hapo karibu kila mtu aliamini kwamba mfupa wa mwanamume unalindwa na homoni ya kiume. Kumbe hata mwanamume, ambaye mwili wake hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, anasimama kwa msaada wa homoni tunayoiita ya kike.

Estrojeni inafanya nini? Kwa ufupi, inawazuia wachimbaji. Inafupisha maisha ya osteoklasti na kuyarefusha ya wajenzi. Daktari Fuller Albright wa Boston alikuwa ameushuku uhusiano wa estrojeni na mfupa tangu miaka ya 1940, alipoona kwamba wagonjwa wake wenye pingili za mgongo zilizobonyea walikuwa karibu wote wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Hedhi inapokoma, kwa kawaida karibu na miaka hamsini, estrojeni hushuka ndani ya muda mfupi, na wachimbaji hubaki bila msimamizi. Vishimo huchimbwa vingi zaidi na virefu zaidi, na wajenzi hawafikii. Katika miaka mitano hadi saba ya kwanza mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake. Wengine hupoteza kidogo tu. Kisha kasi hupungua, lakini upotevu hauishi.

Mwanamume hana siku kama hiyo. Homoni zake hushuka taratibu, na mfupa wake huanza kupungua katika miaka ya arobaini kwa nusu asilimia hivi kwa mwaka, bila kishindo. Akifika miaka sitini na tano au sabini, yeye na mwanamke wa rika lake wanapoteza kwa kasi inayofanana. Ila mwanamke amefika hapo akiwa na mfupa mwembamba tangu mwanzo na akiwa amekwisha kupita ile miaka ya hasara. Ipo pia tofauti ya ndani zaidi. Ukitazama kwa darubini ndani ya pingili, utaona wavu wa vijiti vya mfupa vinavyoshikana. Kwa wanaume vijiti hivyo kwa kawaida huwa vyembamba lakini vinabaki vimeshikana. Kwa wanawake vingi hukatika kabisa. Kijiti chembamba kinaweza kunenepeshwa tena. Kilichokatika wajenzi hawana pa kuanzia.

Ndiyo maana mivunjiko huja kwa mpangilio. Mkono, karibu na kifundo, huvunjika katika miaka ya hamsini, mwanamke anapoteleza na kujikinga kwa kiganja. Pingili za mgongo hufuata katika miaka ya sitini, mara nyingi bila kuanguka kokote: mama anainama kuinua ndoo, anasikia kitu kama mchomo, na baada ya miaka michache watu wanasema amepinda kwa uzee. Nyonga huja mwisho, baada ya sabini, na ndiyo inayoua. Huko Ulaya, ambako takwimu zimekusanywa kwa muda mrefu, kiasi cha mtu mmoja kati ya watano wanaovunjika nyonga hufariki ndani ya mwaka, na wanaume hufariki zaidi ya wanawake.

Jambo la pili la mwaka 1994 lilitoka Geneva. Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti iliyoweka mstari: nani ana osteoporosisi na nani hana. Mgonjwa hulazwa chini ya mashine iitwayo DXA, inayopitisha eksirei hafifu za nguvu mbili tofauti, na uzito wa madini katika nyonga na mgongo wake hulinganishwa na wa mwanamke kijana mwenye afya. Akiwa chini ya wastani wa kijana huyo kwa vipimo viwili na nusu vya mtawanyiko, anahesabiwa mgonjwa. Huyo mwanamke kijana wa kulinganishia, katika rejea ya nyonga inayotumika zaidi duniani, ni Mmarekani mweupe mwenye miaka ishirini hadi ishirini na tisa.

Kwa mama wa Nyamirambo, mtaa wa Kigali, jibu la mashine hiyo lina maana gani? Swali hili halijapata jibu la kutosha, na nasema wazi kwamba ni aibu kwa utafiti wa dunia nzima. Waafrika wa vijijini wana maumbo tofauti, miili myepesi, maisha ya jembe. Mwaka 1968 daktari Louis Solomon wa Johannesburg alionyesha kwamba Waafrika wa huko walivunjika nyonga mara chache mno kuliko wazungu. Habari hiyo ikafanya kazi mbili: iliwafurahisha watu, na ikawalaza usingizi. Madaktari wa vizazi viwili wakafundishwa kwamba osteoporosisi si ugonjwa wa Mwafrika. Lakini kati ya watu waliohesabiwa miaka ile ni wachache waliofika sabini, na wengi waliovunjika hawakufika hospitali. Utafiti wa karibuni zaidi kutoka KwaZulu-Natal umeonyesha mivunjiko ya nyonga kwa Waafrika weusi kuwa mingi kuliko ilivyodhaniwa. Ukisikia mtu anasema mifupa yetu ni migumu kwa asili, mwulize amewahi kumhesabu bibi aliyekaa kitandani miaka miwili huko Gisozi, Kigali, bila kupigwa picha ya eksirei.

Kuna jambo la Kigali ambalo halimo katika vitabu vya Ulaya. Mwaka 2005, utafiti uitwao RWISA uliandikisha mjini humo wanawake 936. Kati yao 710 walikuwa na virusi vya UKIMWI na 226 hawakuwa navyo. Wengi walikuwa wamepitia yale ya 1994, wengine wakiwa wamebakwa wakati huo. Rwanda iliwapa watu wake dawa, na leo wanawake wa rika hilo wanazeeka. Wanazeeka! Miaka ishirini na mitano iliyopita hakuna aliyethubutu kuliomba hilo. Lakini virusi vyenyewe hupunguza mfupa, na tenofovir, dawa iliyo katika kidonge cha kila siku cha mamilioni ya Waafrika, huupunguza kwa asilimia chache katika mwaka wa kwanza au wa pili wa matumizi, kisha upungufu hutulia. Asilimia chache si kitu kwa msichana wa miaka ishirini na tano mwenye mfupa mzuri. Kwa mwanamke aliyebalehe katika njaa na anayekaribia kukoma hedhi, ni hasara ya tatu juu ya mbili. Sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu nayo hupunguza mfupa kwa muda, na mfupa hurudi sindano inapoachwa. Ni busara kuulizia jambo hilo kwa wasichana wadogo na kwa walio karibu na hamsini. Naandika haya nikijua hatari yake, kwa hiyo nisisitize: mtu asiache dawa za virusi kwa kuogopa mifupa. Virusi vikiachwa huua, na huuharibu mfupa pia.

Kuhusu uzazi, kuna hofu nyingine ambayo naweza kuiondoa. Kina mama wengi huamini kwamba kuzaa watoto sita au saba kumewamaliza mifupa. Anayenyonyesha hupoteza asilimia 3 hadi 7 ya mfupa wa mgongo katika miezi sita, hilo ni kweli. Lakini akimwachisha mtoto, mwili huurudisha karibu wote. Mwili wa mwanamke umeumbwa kwa mkopo huo na unajua kuulipa. Kinachoudhulumu ni njaa.

Basi tuongee juu ya chakula. Hapa Kigali ina kitu ambacho miji mingi ya Afrika Mashariki haina, na sijui kwa nini hatukiigi: baa ya maziwa. Ingia mtaa wowote wa Nyamirambo au Kimironko utaikuta, chumba kidogo chenye tangi la chuma linalong'aa, benchi, na vikombe vikubwa vya nusu lita. Hakuna pombe. Mteja anasema, "Dada, nipe ikivuguto na chapati mbili," na kinachokuja ni maziwa mgando mazito, meupe, yenye uchachu kidogo, ambayo dereva wa pikipiki huyanywa kwa mikupuo mitano akiwa amesimama, kofia ngumu mkononi. Asiyependa mgando huagiza inshyushyu, maziwa freshi ya moto. Nusu lita hiyo ina miligramu mia sita hivi za kalsiamu. Mtu mzima anapendekezewa 1,000 kwa siku, na msichana anayebalehe 1,300, sawa na mwanamke aliyekoma hedhi. Kwa hiyo kikombe kimoja ni nusu ya safari. Na kwa tumbo linalosumbuliwa na maziwa freshi, ikivuguto ni nafuu, maana bakteria wamekwisha kuila sehemu ya sukari ya maziwa.

Nikiangalia baa hizo, mara nyingi naona wanaume wengi kuliko wanawake, na wasichana wa shule ni nadra. Wenye kuhitaji zaidi ndio hawamo. Mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006 kwa kuzipa familia maskini ng'ombe mmoja mmoja, ulifikisha maziwa vijijini, ingawa mengi huuzwa ili kulipia mengine. Tangu 2021 chakula cha mchana shuleni kimepanuliwa hadi kwa watoto wote wa msingi. Udumavu wa watoto chini ya miaka mitano, uliokuwa asilimia 44 mwaka 2010, ulishuka hadi 33 katika uchunguzi wa 2019 na 2020. Hata hivyo, wakati huo alikuwa bado mtoto mmoja kati ya watatu, na mifupa ya watoto hao itavunjika au kutovunjika mwaka 2075.

Asiye na fedha ya maziwa ana samaki wadogo. Indagara waliokaushwa, na sambaza wa Ziwa Kivu, huliwa na mifupa yao, na humo ndimo kalsiamu ilimo. Anayewatoa mifupa anatupa dawa. Isombe, yaani kisamvu, ina kalsiamu yake. Dodo, yaani mchicha, inayo pia ila sehemu kubwa imefungwa na asidi ya oksaliki, mwili hauipati. Ugali, ndizi na viazi havina cha kutegemea. Kuhusu jua, Kigali iko digrii mbili tu kusini mwa ikweta na juu ya mita 1,500. Anayefanya kazi nje na mikono wazi hapungukiwi vitamini D kirahisi. Mzee anayefungiwa ndani hupungukiwa, hata akiwa chini ya ikweta yenyewe.

Na kuna vilima. Kila mwanamke anayepanda kutoka Nyabugogo hadi Kimisagara kwa miguu anazipa osteositi zake habari njema. Tangu 2016 Kigali hufunga baadhi ya barabara zake Jumapili fulani ili watu watembee na kukimbia, na nimefurahi kuona wazee wakijitokeza. Lakini kilima hichohicho mwezi Aprili, udongo mwekundu ukiwa umelowa, ndicho kinachowaangusha. Anayeanguka hasa ni yule ambaye macho yake yana mtoto wa jicho, anayeshuka usiku kwenda chooni bila taa, anayevaa kandambili zilizokwisha soli. Kumnunulia bibi tochi na viatu vinavyoshika ni tiba ya mifupa, na ya bei rahisi kuliko zote.

Wapo wazee ambao hawana wa kuwanunulia. Rwanda huwaita Intwaza wale wazee walionusurika mauaji ya kimbari na kupoteza watoto wao wote, na imewajengea nyumba za Impinganzima huko Huye, Bugesera, Nyanza na Rusizi, wanakoishi pamoja na kuhudumiwa. Wengi ni wanawake wa miaka sabini na themanini. Kwa mtu kama huyo nyonga iliyovunjika inamwondolea kitu kimoja alichobaki nacho, uwezo wa kujihudumia mwenyewe.

Wodi za mifupa katika miji yetu zimejaa vijana wa ajali za pikipiki, na hiyo ni haki yao. Mama wa miaka hamsini na sita aliyeteleza jikoni na kuvunja mkono hufungwa plasta, huambiwa arudi baada ya wiki sita, na mambo yanaishia hapo. Plasta inatibu mkono. Hakuna aliyemwuliza kwa nini mfupa wa mtu mzima ulivunjika kwa kuanguka kimo cha kusimama tu. Mvunjiko wa namna hiyo baada ya miaka hamsini ni osteoporosisi mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama mji mzima hauna mashine ya DXA iliyo karibu. Dalili nyingine hazihitaji mashine pia: kimo kilichopungua kwa sentimita nne au zaidi tangu ujana, gauni la zamani linaloburuza mbele, hedhi iliyokoma kabla ya miaka arobaini na tano, mzazi aliyevunjika nyonga, matumizi marefu ya dawa za prednisoloni.

Dawa ipo. Alendroneti huwazuia wachimbaji na hupunguza mivunjiko ya mgongo karibu kwa nusu. Humezwa mara moja kwa wiki, asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, na anayeimeza asilale kwa nusu saa ili isichome umio. Hataza yake ilikwisha Marekani mwaka 2008, na tangu hapo viwanda vingi huitengeneza. Kama mama yako amepita hamsini na amewahi kuvunjika kwa kuanguka tu, mpeleke kituo cha afya, umwambie muuguzi alivyovunjika na mwaka wenyewe, na uiulizie dawa hiyo kwa jina. Na kama una binti wa miaka kumi na miwili, kikombe chake cha maziwa kianze leo.